Pahali pa Kuteleza: Shajara ya Kufufua Mashine Kuukuu ya Kufulia

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeachiwa mashine ya Kimarekani ya kufulia, ile inayofunguliwa juu, na ambaye ameigeuza meza ya sufuria kwa sababu haielewani na stima yetu. Yangu ni Maytag ya mikanda. Kazi inafanyika kibandani mwangu Kariobangi Light Industries, Nairobi, mara nyingi wikendi, kwa kuwa siku nyingine natengeneza mashine za watu wanaolipa. Bei zote ni shilingi. Nitaongeza sehemu kila hatua inapoisha, pamoja na yale niliyoharibu.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimeinunua 6,000 kutoka nyumba moja ya Lavington iliyokuwa ikihamwa. Iliingia nchini kwenye kontena pamoja na jokofu na kinanda, ikafanya kazi kwa transfoma miaka mingi, kisha transfoma ikaibwa na mashine ikabaki stoo. Pikapu ilinigharimu 2,500. Kuishusha kulihitaji watu watatu na maneno makali.

Kibandiko cha nyuma kinasema volti 115, hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Sisi hapa tuna volti 240 na hezi 50. Volti inarekebishika kwa transfoma, hezi haina transfoma. Nililijua hilo nikiwa darasani, lakini nilijidanganya kwamba si kitu.

Mpwa wangu, ambaye ananisaidia huku akijifunza kazi, aliizunguka mara mbili akauliza: "Mjomba, hii ina mota moja tu. Mbona zile za matangi mawili tunazotengeneza kila siku zina mbili?" Nikamwambia angoje tuifungue. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo lote.

Jumamosi, 15 Februari

Skrubu mbili za chini na paneli ya mbele ikatoka. Ndani kulikuwa na kiota cha panya, gazeti lililotafunwa na vumbi la sabuni lililogeuka jiwe. Tumesafisha, tumepiga bolti oili ya kulegeza kutu (450), tumelala.

Siku ya leo nyingi nimeimaliza nimelala chali sakafuni. Mota imesimama wima juu ya kitoroli kidogo kinachoteleza mbele na nyuma, kikivutwa na springi. Kwenye shafti ya mota kuna mikanda miwili: mmoja unakwenda kwenye pampu ya maji, mwingine kwenye puli kubwa iliyo chini ya giaboksi. Hakuna klachi ya kuonekana, hakuna wenzo, hakuna sumaku ya kusukuma gia. Nilishika ile puli kubwa kwa mkono nikaizungusha upande mmoja, na juu kule kikorogeo kikaanza kwenda na kurudi, taratibu, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Nikaizungusha upande wa pili. Puli ikapanda milimita chache juu ya miteremko miwili ya chuma iliyo kwenye shafti, ikasukuma breki, breki ikaachia, na giaboksi nzima pamoja na kapu la nguo ikaanza kuzunguka kama kitu kimoja. Nikaachia mkono. Puli ikashuka, breki ikauma, kapu likasimama.

Nilirudia labda mara hamsini.

Kumbe kinachoamua kama mashine inafua au inakamua ni upande tu ambao mota inazungukia. Hata pampu inafuata sheria hiyohiyo: upande wa kufua inazunguka bure, upande wa kukamua inatoa maji. Maytag walianza kuuza mashine za mpangilio huu katikati ya miaka ya 1950 kutoka Newton, Iowa, na mimi niliyezoea bodi za elektroniki nilijiona mshamba mbele yake.

Ili uone akili iliyopo, kumbuka zilikotoka. Alva Fisher alipata hataza ya mashine ya mota ya umeme mwaka 1910, na tangu hapo shida ikawa ileile: mota inapenda kuzunguka upande mmoja, nguo zinataka kwenda na kurudi. Mwaka 1922 Maytag hao hao walitoa mashine yenye kikorogeo kwenye sakafu ya tangi, humo ndani, kikiendeshwa na gia zinazogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kukamua kulifanywa na roli mbili za mpira juu ya tangi, na mwenye kufua ndiye aliyevuta wenzo kuamua nini kizunguke. Mashambani kusikokuwa na umeme waliuza ile yenye injini ndogo ya petroli, unaipiga teke kwa mguu kama pikipiki. Mama yangu huko Machakosi angeipenda hiyo kuliko hii yangu.

Jumamosi, 1 Machi

Sili za giaboksi, zile pete za mpira za kuzuia oili isitoke, zilikuwa zimekauka, oili imeshuka mpaka kwenye mkanda. Sili mbili za kufanana nimezipata Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, kwa 700, baada ya kuzunguka maduka manne na sili ya zamani mfukoni. Usiende na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, nenda na kitu chenyewe.

Nilifungua pia breki. Ilikuwa imelowa oili. Mimi nimetengeneza breki za magari na baiskeli, na ninajua breki yenye oili ni breki mbovu, kwa hiyo niliiosha kwa petroli mpaka ikakauka kabisa, nikaipiga msasa kidogo, nikajisifu. Kumbuka sentensi hii.

Mikanda yote miwili ilikuwa na nyufa. Nimeirudisha hivyohivyo kwa majaribio.

Jumapili, 9 Machi

Transfoma ya mitumba, VA 2,000, kutoka 240 hadi 110: 4,500. Tuliwasha bila maji na bila nguo. Ilizunguka! Mpwa wangu akapiga makofi. Baada ya dakika sita sikuweza kuweka kiganja juu ya mota.

Clampu, kile kipimo cha umeme kinachobana waya, ilisoma ampia 8.9, na mota haikuwa na mzigo wowote. Sababu ni hezi. Chuma cha ndani ya mota hujaa sumaku kulingana na volti ukigawa kwa hezi. Mota iliyotengenezewa 115 kwa 60 ukiipa 110 kwa 50, kile chuma kinajazwa kupita kiasi, na umeme unaozidi unageuka joto. Dawa ni kushusha volti kwa uwiano uleule: 115 mara 50 gawa kwa 60, unapata 96 hivi. Nilimpelekea fundi wa kusuka koili transfoma, akapunguza mizunguko ya upande wa pili (2,800). Kwa volti 96 mota ilivuta ampia 6.1, na baada ya robo saa kiganja kilikaa. Mwendo bado ni wa chini: puli inayopaswa kulizungusha kapu mara 618 kwa dakika sasa inalizungusha 515, hilo volti haiwezi kulibadilisha. Taima nayo ina mota yake ndogo inayofuata hezi, kwa hiyo dakika kumi za kufua zimekuwa kumi na mbili. Nimeiacha. Nguo hazitalalamika.

Kisha nikazima mashine ikiwa kwenye mwendo wa kukamua. Breki iliuma, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kibandani kwangu. Mama fua anayefulia ploti ya jirani alikuja mpaka mlangoni na povu mikononi.

"Fundi, umefungia fisi humo?"

Ilikuwa breki yangu safi. Breki hii imeundwa kufanya kazi ikiwa na tone la oili nyepesi, ishike polepole bila kulia. Ile niliyoiita uchafu ndiyo iliyokuwa dawa. Chupa ya oili ya cherehani, 150, matone machache kwenye kitambaa cha breki, na fisi akanyamaza. Kwa hiyo msioshe breki ya mashine hizi kwa petroli, na mkishaosha, msijitetee kama nilivyojitetea mbele ya mpwa wangu kwa dakika kumi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimechoma mota. Naeleza kwa urefu kwa sababu kila hatua niliyochukua ilionekana ya busara.

Jana tulipima kwa mara ya kwanza na mzigo: mablanketi matatu yaliyolowa. Kufua kulikwenda vizuri. Kukamua kulipoanza, mkanda mkuu ulikuwa unateleza. Kapu lilianza kuzunguka kwa uvivu, sekunde tano, kumi, kumi na tano, huku mkanda ukipiga mluzi mwembamba. Nikasema mkanda umekwisha. Nilikwenda Kirinyaga Road kwa mzee mmoja anayeuza mikanda ya magari, akapima ule wa zamani kwa vidole, akatoa mwingine wa urefu huohuo (650). "Kijana wangu," akasema, "huu hautelezi hata ukiumwagia sabuni." Nilimwamini, na alisema kweli.

Nikaona pia kwamba kitoroli cha mota kinasogea kuelekea giaboksi kila mzigo unapokuwa mzito, na mkanda unalegea. Hitilafu nyingine, nikasema. Nikachonga kabari ya mbao nikakibana kisisogee. Na kwa kuwa swichi ya joto iliyo ndani ya mota ilikuwa imekata umeme mara mbili Jumapili ile, na mimi nilishaamua kwamba ni mzee aliyechoka, nilikuwa nimeiruka kwa waya. Hilo la mwisho nimeliandika nikiwa na aibu.

Tukawasha na mablanketi yaleyale. Mkanda haukuteleza. Mota ilinguruma. Clampu ilipanda hadi ampia 27 na badala ya kushuka ikabaki hapohapo. Nilikuwa namwangalia mpwa wangu aone jinsi kapu linavyoondoka kwa nguvu, na lilikuwa linaondoka kweli, lakini polepole mno. Sekunde 38 kwa saa ya simu yake. Halafu harufu ya vanishi, moshi mweupe kupitia matundu ya chini, nikang'oa plagi.

Kilichotokea ni hiki. Mota ya aina hii ina koili mbili: ya kazi na ya kuanzia. Ile ya kuanzia ni waya mwembamba, inastahimili sekunde chache tu, na kuna swichi inayozunguka na shafti ambayo huikata koili hiyo mota ikishika kasi. Swichi hiyo imepangwa kwa Marekani, ambako mota hii kikomo chake ni mizunguko 1,800 kwa dakika, kwa hiyo inakata karibu na 1,350. Kwetu kikomo ni 1,500. Kufika 1,350 hapa ni sawa na kufika asilimia 90 ya uwezo, na mota iliyobeba mablanketi matatu kwa mkanda usioteleza haifiki. Koili ya kuanzia ikabaki ndani ya mzunguko mpaka ikaungua. Ile swichi ya joto ambayo ingekata umeme nilikuwa nimeiua mwenyewe.

Kuisuka upya nimeambiwa 5,500, na tatizo la hezi lingebaki. Nimekataa.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna kazi ya mikono wiki hii. Nimekaa na vipande vya mifumo mingine nilivyonavyo rafuni, najaribu kumjibu mpwa swali lake la Februari, na nimegundua nilikuwa naangalia pahali pasipo. Mimi niliangalia kinachozungusha. Ilinipasa niangalie kinachoteleza.

Kapu lenye nguo zilizolowa ni zito na limesimama. Mota inataka kuwa katika kasi yake mara moja. Kati ya hao wawili lazima kitu fulani kikubali kupoteza kwa sekunde kadhaa, na mabadiliko yote ya mashine hizi ni ugomvi kuhusu nani apoteze. Kwenye zile za roli, ulikuwa mkono wa mwenye kufua: anahisi uzito, anaachia wenzo. Hoover walipofungua kiwanda chao Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948, mashine yao ndogo ilikuwa na kisahani kinachozunguka ubavuni mwa tangi na roli za kuzungusha kwa mkono, yaani kazi nzito yote kaachiwa binadamu, mota inasukuma maji tu. Bendix ya mwaka 1937, ile ya mlango wa mbele iliyofua na kukamua yenyewe, haikuwa na springi za kubeba mtikisiko, ikabidi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu. Kwa hiyo pale hata sakafu ilikuwa sehemu ya mtambo.

Whirlpool walikwenda njia nyingine. Mota yao ya mkanda ilizunguka upande mmoja daima, na sumaku mbili juu ya giaboksi zilisukuma pini kuchagua kufua au kukamua. Ukisikia mashine ya zamani inapiga "tak" kabla ya kukamua, ndizo hizo. Kuteleza waliweka kwenye klachi yenye kitambaa. GE (General Electric) waliweka klachi yenye viatu kwenye mota yenyewe. Frigidaire, ilipokuwa mali ya General Motors, hawakutaka hata kwenda na kurudi: kikorogeo chao kilipanda na kushuka kama mchi. Sijawahi kukigusa kimoja na ningetoa pesa nzuri.

Miaka ya 1980 Whirlpool waliondoa mkanda kabisa. Mota ikaunganishwa na giaboksi ana kwa ana, inageuka upande mmoja kufua na wa pili kukamua, na katikati wakaweka kipande cha mpira kati ya vipande viwili vya plastiki vyenye meno matatu. Kipande hicho kimewekwa kife. Ninacho kimoja hapa, kimepasuka meno mawili, na giaboksi yake haina mkwaruzo.

Na zile za matangi mawili zilizojaa ploti za Nairobi? Hizo zilikataa ugomvi wenyewe. Mota moja ya kufua, yenye koili mbili zinazofanana, na katikati kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme), taima inabadilisha upande kila sekunde chache. Mota ya pili imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya pipa la kukamulia, na breki yake ni kiatu kinachovutwa na waya kutoka kwenye kifuniko, kama baiskeli. Pipa ni dogo, mota inalimudu. Anayehamisha nguo kutoka tangi hadi pipa ndiye giaboksi.

"Kwa hiyo mama fua ni giaboksi?" mpwa akauliza. Nikamwambia asimwambie.

Nyingi za mlango wa mbele zina mota ya kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na mkanda mwembamba wenye mistari, na kasi inaongozwa na bodi. Mwaka 1991 Fisher & Paykel wa New Zealand walitoa mashine isiyo na mkanda wala gia, sumaku zimezunguka shafti ya kapu lenyewe, na LG wakafuata njia hiyo mwaka 1998. Huko kuteleza kumehamia kwenye programu: bodi ndiyo inayoamua umeme upande polepole. Ikiungua bodi, huwezi kuiwekea oili ya cherehani.

Na Maytag yangu? Inateleza kwenye mkanda. Kile kitoroli kinachosogea ndiyo klachi. Mkanda wake wa asili una kitambaa laini nje ili uteleze bila kushika, na mluzi ule wa sekunde kumi na tano ulikuwa mashine ikifanya kazi yake, ingawa mkanda ulikuwa umechakaa. Nilichukua klachi nikaibana kwa kabari.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimenunua mota iliyotumika ya hapa: kilowati 0.37, volti 240, hezi 50, ya kapasita, 7,800. Sharti moja nililomwekea muuzaji: waya za koili ya kuanzia zitoke nje zote mbili, jumla waya nne. Bila hivyo huwezi kugeuza upande. Ukibadilisha ncha za koili ya kuanzia, mota inaanza kwa upande wa pili.

Inaanza, nimesema. Ukigeuza waya mota ikiwa bado inazunguka, haitageuka. Swichi imeshaikata koili ile, kwa hiyo mota inaendelea na safari yake kana kwamba hujasema kitu. Lazima isimame kwanza. Taima ya mashine ina pumziko kati ya kufua na kukamua, na pumziko hilo linatosha, lakini ukifanya kazi hii kwa swichi ya mkono, hesabu hadi tano.

Shafti ya mota mpya ni milimita 14, ya zamani ni nusu inchi, yaani 12.7. Puli ya zamani haiingii. Fundi wa kukereza vyuma, mlango wa tatu kutoka kwangu, amenichongea puli mpya yenye mifereji miwili (1,800). Nilimwomba aongeze kipenyo kwa asilimia 20 ili kurudisha mwendo uliopotea kwenye hezi. Taima na valvu za maji nimezipa transfoma ndogo ya 110, na mota inawashwa kwa rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme), pamoja na waya na ethi ya maana, ile waya ya kupeleka umeme ardhini: 2,350.

Mara ya kwanza niliunganisha pande kinyume. Tulimwaga lita themanini kwa ndoo, tukabonyeza kufua, na mashine ikaanza kukamua na kutoa maji yote sakafuni. Kosa la dakika moja, mopu ya saa nzima.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua imenyesha tangu Ijumaa, stima imepotea mara tatu. Nimefunga kitoroli upya: nimeondoa kabari, nimesafisha reli, nimepaka grisi nyeupe ya plastiki. Kinateleza kwa kidole kimoja. Binamu yangu anarudi kutoka Marekani mwezi ujao na nimemwagiza mikanda halisi. Mpaka hapo sigusi swichi.

Jumamosi, 10 Mei

Mikanda imefika, jozi 3,900. Ukiishika pembeni ya mkanda wa gari tofauti unaihisi gizani: wa gari unanata kwenye kidole, huu ni kama kola ya shati.

Mablanketi matatu. Kitoroli kikasogea kama sentimita moja na nusu, mkanda ukateleza, kapu likaanza pole. Clampu ikaruka hadi juu kisha ikashuka sekunde ile ile swichi ya mota ilipokata, nikasikia "tik" yake. Kapu likashika kasi baada ya sekunde kumi na nane, kitoroli kikarudi nyuma chenyewe. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Tulikuwa tumeinama wote wawili na tochi.

Jumamosi, 24 Mei

Kipima mizunguko cha mwanga, 1,900. Kwa puli kubwa kapu linakwenda 611 kwa dakika, karibu kabisa na Marekani. Lakini sakafu yangu si ya Marekani. Kila mara nguo zikilala upande mmoja mashine inatembea kuelekea mlangoni, na kuanza kwenye mzigo mzito kunachukua sekunde 24, mkanda unapata joto.

Nikachongesha puli ya pili ya ukubwa wa asili (1,800 nyingine, fundi anacheka). Kapu 512. Kuanza sekunde 15, mashine imetulia. Shuka na taulo zenye kilo 3.2 zikiwa kavu zilitoka na kilo 5.2 kwa puli kubwa na 5.6 kwa ndogo. Hiyo ni glasi mbili hivi za maji. Nimebakisha ndogo. Jua la Kariobangi litamaliza hizo glasi mbili, na mkanda wa 3,900 utadumu. Anayeishi pahali pa baridi, Limuru tuseme, anaweza kuamua vingine.

Jumamosi, 14 Juni

Jumla mpaka leo ni 37,300, pamoja na mkanda wa gari, puli nisiyoitumia, na transfoma ya volti 96 ambayo hakuna binadamu Nairobi anayeihitaji. Hiyo nimeiuza kama shaba chakavu kwa 1,500. Ukianza moja kwa moja na mota ya hapa, puli ndogo na mikanda halisi, bila hata kipima mizunguko, utaruka zaidi ya elfu kumi na moja.

Maji ndiyo yaliyobaki kuwa kero. Mashine inakunywa lita 150 hivi kwa mzigo mmoja, na tangi la juu ya paa halina presha ya kufungua valvu vizuri, kwa hiyo bado tunajaza kwa ndoo. Maji ya kusuuza tunayashika na kufulia mzigo unaofuata.

Mama fua alikuja wiki tatu zilizopita na blanketi moja la kujaribu. Alisimama akisikiliza mkanda ukiteleza, akaniangalia. "Hii inalia hivi, si itaharibika?" Nikamwambia isipolia ndiyo uniite. Sasa analeta mablanketi na mapazia ya wateja wake kila Jumamosi, nguo nyingine anazifua mwenyewe kwa mkono, anasema kola haijui mashine. Ananilipa mia moja kwa mzigo na stima nalipa mimi mwenyewe.

Mizigo 22 tangu Mei. Mkanda hauna nyuzi zilizotoka. Sili ya chini inavuja bado: gazeti nililotandika chini ya giaboksi wiki iliyopita lina doa moja la oili, ukubwa wa shilingi kumi. Wiki ijayo natandika lingine, nione kama doa linakua.